Naombeni ushauri: nampeleka binti yangu shoo ya Twenty One Pilots hapa Columbus, nijiandae na nini?

Mama_Neema614

Wadau habari za jioni. Naombeni mnisaidie maana hapa nilipo sina wa kumuuliza, wenzangu wa kanisani hata hiyo bendi hawaijui.

Mimi na binti yangu tuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita, kwetu Morogoro. Binti ana miaka 14. Toka mwaka jana ni Twenty One Pilots asubuhi, Twenty One Pilots usiku, mlango kafunga na hedifoni masikioni. Sasa wanakuja kupiga hapahapa mjini, Nationwide Arena, kwenye hiyo tua yao ya Clancy ya mwaka huu 2024, na binti kalea watoto wa jirani miezi mitano anadunduliza hela mpaka ikafika ya tiketi moja na nusu, mimi nikamalizia, kwa hiyo tunakwenda wawili. Siti zetu ziko juu kule. Zimebaki wiki tatu.

Muziki wa laivu mimi si mgeni nao. Baba yangu alikuwa mtu wa dansi, nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilipigwa pale nyumbani mpaka sisi watoto tukawa tunaliimba gitaa la solo kwa mdomo, na nilivyokuwa Dar nimekwenda sana Msondo na Sikinde. Najua ukumbi wa dansi ulivyo, unakaa mezani na soda yako, wimbo ukikuchoma unanyanyuka unakwenda kumtuza mwimbaji unarudi kukaa. Ila hiki cha hawa vijana sikielewi kabisa. Wako wawili tu jukwaani halafu ukumbi wa watu elfu 18! Huwa wanaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi maana kesho yake mimi nina shifti ya asubuhi, watu wanavuta vuta bangi humo ndani au vipi, chakula kinaingizwa, na kelele zake mtoto hazitamuumiza masikio?

Na kuna jambo lingine ndo limenifanya niandike. Nilikaa nikasoma maneno ya nyimbo zao mbili tatu nikakuta zinamuongelea mtu anayepigana na kichwa chake mwenyewe, mtu aliyechoka. Usiku ule sikulala. Chumbani kwake kabandika tepu za njano ukutani na picha ya mtu kaziba uso wote yamebaki macho tu, dada mmoja wa kanisani alivyoiona akaniambia hayo ni mambo ya giza. Halafu juzi tunakula, binti akaniambia, "Mama, tukifika kule nikianza kulia usinishike." Nikamuuliza utalia nini, akanyamaza. Sasa mimi naingia humo ukumbini nikitegemea nini? Atakayejua anieleze kama anavyomueleza dada yake.

Juma_wa_Denver

Dada karibu sana, umenipata kwenye kona yangu. Niliwaona usiku wa kwanza kabisa wa hii tua, tarehe 15 Agosti 2024, Ball Arena hapa Denver, na nilishawaona tena 2018 kwenye tua ya Bandito, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Muda: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya wale wanaosindikiza, wenyewe wanapanda kama saa nzima na kitu baadaye. Wasindikizaji wa tua hii ni Balu Brigada, ndugu wawili kutoka New Zealand, usichelewe ukasema hao siwajui, wanapiga vizuri na ukumbi unakuwa bado una nafasi unaweza ukapumua. Baada yao taa zinawaka, mafundi wanapanga vyombo kama nusu saa hivi, hapo ndo uende chooni na kununua maji kwa sababu wakishapanda wenyewe hutatoka tena, ni karibu saa mbili mfululizo na binti hatakubali umnyanyue. Tisheti kama anataka mnunue mapema mkiingia tu, mwisho wa shoo foleni yake ni balaa. Na beba kadi, kumbi nyingi sasaivi hazipokei keshi kabisa. Begi liwe dogo, kila ukumbi una vipimo vyake viko kwenye tovuti yao, vipime nyumbani maana mimi nishawahi kurudishwa mpaka kwenye gari.

Sasa yenyewe shoo. Dada sahau kukaa. Hizo siti ulizonunua utazitumia kwa wasindikizaji tu, wale wawili wakitokea ukumbi mzima unasimama na mpaka mwisho hakuna anayekaa, kwa hiyo vaa raba. Tyler Joseph ndo anaimba, anarap, anapiga piano, besi, na kile kigitaa kidogo cha ukulele, Josh Dun yuko kwenye dramu. Nilijiuliza kama wewe, watu wawili watajazaje ukumbi wa mpira wa magongo? Wanajaza, kwa sababu hawakai sehemu moja. Mwaka 2018 nilimuona Tyler yuko jukwaani, taa zikazima, zilipowaka yuko kwenye siti katikati ya watu upande mwingine kabisa wa ukumbi, na mpaka leo sijui alipitia wapi. Kuna miaka alikuwa anapanda juu ya minara ya vyuma kwenye wimbo mmoja, na kuna tua aliingia kwenye mpira mkubwa wa plastiki akawa anakimbia juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo siti za juu usizionee huruma, huko unaona picha yote, wale wa chini wanaona migongo.

Bangi: wapo wajinga wachache kama kila mahali ila hii si shoo ya hivyo. Utakuta wazazi wengi sana. Pembeni yangu alikuwepo baba mtu mzima na vijana wake wawili, anaimba kuliko wao.

fundi_mitambo

Mama Neema habari yako. Mimi kazi yangu ni sauti, nilianzia kwenye kumbi za Kinondoni sasa niko Toronto, hivyo niongee kuhusu masikio kwa sababu watu wanalichukulia poa na halirekebishiki.

Watu wa afya kazini huko Marekani wanahesabu hivi: sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia saa 8 kwa siku, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatika nusu. Sasa piga hesabu mwenyewe, desibeli 100, ambayo kwenye konsati ni kitu cha kawaida tu, unabaki na dakika 15. Shoo inachukua kama saa mbili, na mtoto masikio yake ana miaka mingi ya kuyatumia. Nunua viziba masikio viwili viwili, vile vya sponji duka la dawa lolote ni dola chache, ila kama una uwezo kidogo chukua vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuiharibu, muziki unausikia wote na maneno unayapata, tena mara nyingi unayapata vizuri kuliko asiyevaa. Mwambie binti kwamba hata Josh mwenyewe anapiga huku kaziba masikio, hapo hatabisha. Jioni akirudi masikio yanalia nziiii ujue yameumia hayo.

Kingine, taa. Zinawakawaka kwa kasi sana. Kama binti ana kifafa au kuna mtu wa familia anacho, zungumzeni na daktari kabla.

Na hili la watu wawili kujaza ukumbi, watu wa kwetu mkisikia sauti nyingi kuliko watu mnasema hao wanapiga plebeki. Hapana. Mtu wa plebeki anafumba fumbua mdomo juu ya CD, hawa sivyo. Tyler anaimba kwa koo lake na Josh anapiga kila kipigo kwa mikono yake, ila zile sauti za ziada, vinanda, besi akiwa hajaishika, zimerekodiwa na zinapigwa na kompyuta pembeni. Ili wasipishane nayo kila mmoja ana kidude sikioni kinampigia tik tik tik mwanzo mpaka mwisho, nyie hamuisikii. Dramu akipotea nusu sekunde tu wimbo mzima unapinda, na kompyuta haimsubiri mtu. Wapiga dramu wengi wa dansi ninaowaheshimu hawaiwezi kazi hiyo kwa sababu wamezoea kumsikiliza solo na kumfuata. Ukifika mwangalie Josh, mwangalie hata kama nyimbo huzipendi.

Na usiende kutuza 😀 hutapita, mabaunsa wako pale mbele.

mtumishi_K

Dada mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Umesema mwenyewe nyimbo ni za mtu aliyechoka kuishi. Unampeleka mtoto mwenye umri huo akayasikie hayo kwa sauti kubwa na watu elfu 18 wanayarudia? Mimi ningemrudishia hela yake tukaenda sehemu nyingine. Nasema kwa upendo.

binti_wa_Mvita

Shikamoo mamangu. Mimi ni wa Mombasa, Mvita, nililetwa hapa Columbus nikiwa na miaka 13, sasa nina 24, na hii bendi naijua kama nijuavyo njia ya kwenda kwetu. Nimesoma alivyosema mtumishi na sitaki nimkosee adabu, ila nataka niseme nijuavyo mimi kwa sababu huyo binti wako ni mimi.

Kwanza, hawa ni vijana wa hapahapa. Tyler amekulia hapa, babake alikuwa mkuu wa shule ya Kikristo, mamake mwalimu wa hesabu, na yeye mwenyewe alikuwa mcheza basketi wa shule. Wote wawili wametoka nyumba za kidini. Jina la bendi limetoka kwa mchezo wa kuigiza wa Arthur Miller, kuna mfanyabiashara wakati wa vita aliuza vipuri vibovu vya ndege akijua ni vibovu, marubani 21 wakafa, Tyler alipousoma likamkaa lile swali la kufanya lililo sawa hata kama litakugharimu. Hakuna giza hapo mamangu. Walianza 2009 kwa vikumbi vidogo vidogo, Josh akaingia 2011, wakasaini na lebo mwaka 2012, na 2017 wakapata Grammy, wakavua suruali kabla ya kupanda jukwaani wakaipokea na chupi, manake miaka ya nyuma walikuwa wakiitazama Grammy nyumbani na wenzao hivyo hivyo na chupi wakaahidiana siku wakishinda wataipokea vile. Mwaka huohuo mwezi wa sita walirudi wakapiga kumbi tano za hapa mjini, wakaanza na ile ndogo kabisa ya chini ya ardhi iitwayo The Basement wakamalizia ule ukumbi mkubwa wa Schottenstein. Mimi nilikuwa Schottenstein. Nilikuwa na miaka 17 na ndio konsati yangu ya kwanza.

Tepu ya njano. Bendi ina hadithi yao wanayoisimulia toka albamu ya 2018, kuna mji waitwa Dema una kuta, watawala wake ni maaskofu tisa, na watu wa mji wamefungwa humo hawatoki. Huyo Clancy ni mtu anayejaribu kutoroka. Nje kuna wanaomsaidia, wanajibandika rangi ya njano kwa sababu maaskofu hawawezi kuiona. Ule mji ni huzuni mama. Ni ule ugonjwa wa kichwa, ukitoka leo kesho unajikuta umo ndani tena. Kwa hivyo binti kubandika njano ukutani yuwasema hapa hamnioni, hapa niko salama. Na yule aliyeziba uso ni Tyler, na kuna enzi nyingine alikuwa akijipaka rangi nyeusi shingoni na mikononi, ile hofu yake na kujidharau kwake aliipa jina na rangi ili watu waione inavyomkaba. Mkiwa garini mkienda muombe akusimulie Dema. Usimuulize una nini, muulize Clancy alitoroka vipi. Atakusimulia mpaka mfike hujasikia njia.

Sasa la kulia. Nilipokuja hapa sikuwa na Kiingereza cha kusema kilichonisibu, na Kiswahili cha kukisema pia sikuwa nacho manake kwetu mtu akisema moyo wangu mzito aambiwa soma Qur'ani ulale. Nilisoma na sikulala. Halafu nikamsikia mtu yuwayasema yaleyale kwa wimbo, haraka haraka, kama aliyeingia kichwani mwangu. Hazisemi kufa ni kuzuri, sikiza vizuri, zasema baki. Zasema hata mimi niko hapa na bado niko hai. Siku ile Schottenstein niliposikia watu maelfu wayaimba maneno niliyodhani ni yangu peke yangu, nililia kilio ambacho sijawahi kulia tena. Msichana nisiyemjua alinishika mkono mpaka wimbo ukaisha na hatukuambiana hata majina.

Kwa hivyo akisema usinishike nikilia, mimi naona amekuamini, amekwambia mapema. Simama karibu naye. Usimtazame, tazama jukwaa.

Ila mama, nawe uwe macho. Kupenda bendi hii si ugonjwa, lakini ukimuona hali, halali, agawa vitu vyake, au akisema neno la kutotaka kuishi, muulize waziwazi kwa mdomo, kuuliza hakumpi mtu wazo. Hapa Marekani kuna namba 988, ya simu au meseji, saa 24, haina malipo, hata mzazi aweza kupiga.

mtumishi_K

Binti wa Mvita nimekusoma mara mbili. Sikuwa najua hayo ya hiyo hadithi. Asante kwa kunieleza bila kunivunjia heshima. Mama Neema nenda naye.

Otis_Nai

Wasee wa Nairobi tuko hapa pia. Mtu aliniuliza hii muziki yao ya alt-pop ni nini, mimi humwambia ni pop ya watu wamekataa kukaa kwa boksi moja, rap, reggae kidogo, piano, rock, zote ndani ya ngoma moja. Sisi tulikuwa na Just a Band, ile 2010 walitoa ngoma ya Ha-He na Makmende, yule jamaa shujaa wa video yake, akawa kila mahali. Sasa shida ya hizi bendi ni moja, wakipiga laivu nyimbo haitasikika kama vile umeizoea kwa simu, wanaikata, wanaiunganisha na ingine, so mama usishangae mtoi akisema "wameibadilisha!" Hiyo ndio raha yenyewe, amelipia kile hakiko kwa simu.

Mama_Neema614

Jamani. Nimesoma yote, ya binti wa Mvita nimeyasoma nikiwa nimejifungia chooni kazini. Mungu akubariki mwanangu, na mama yako huko aliko abarikiwe. Viziba masikio nimeshanunua, vile vya dola ishirini. Swali moja tu, je mwisho wake ukoje, watu wanatoka kwa kusukumana? Na Juma umesema watu hawakai, nina goti bovu.

Juma_wa_Denver

Goti ukilichoka kaa dada, hakuna atakayekusema, ila hutaona. Mwisho hauna fujo ila usitoke mapema kukimbilia paking, nakuomba! Kwa miaka mingi wimbo wa mwisho huwa ni ule wa Trees, wote wawili wanashuka chini kwa watu na ngoma zao, kuna vibao watu wanavibeba kwa mikono, wao wanasimama juu ya hivyo vibao wanapiga ngoma wakiwa wamebebwa, karatasi za rangi zinamwagika kutoka juu. Ukitoka kabla ya hapo umeacha chakula mezani.

Mama_Neema614

MREJESHO. Samahani nimechelewa wiki nzima, shifti.

Tulikwenda. Kwenye gari nikafanya kama nilivyofundishwa, nikamuuliza huyo Clancy alitoroka vipi, akanikata jicho kwanza, akaniuliza nani kaniambia kuhusu Clancy, halafu akaanza. Alikuwa bado anasimulia tuko kwenye foleni ya kukaguliwa begi, na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mbele yetu akageuka akamsahihisha kitu kuhusu maaskofu, wakabishana wale wawili mpaka mlangoni. Watoto wamejibandika tepu nyekundu na za njano mikononi na mabegani, na binti alikuwa na rola yake mfukoni, akaniuliza, "Mama nikubandike?" Nikampa mkono akanibandika.

Wale ndugu wa New Zealand nimewapenda. Nilikaa wakati wao, goti likapumzika. Halafu taa zikazima na zile kelele za watoto zikaanza, kwa kweli hata na viziba masikio nilizisikia kifuani. Fundi mitambo nilimwangalia Josh kama ulivyosema. Yule kijana hapumziki. Baba yangu angempenda.

Binti alianza kulia kwenye wimbo kama wa saba au wa nane sijui jina lake, Tyler alikuwa kwenye piano peke yake. Sikumshika. Nilitazama jukwaani kama nilivyoambiwa, nikaimba kile kipande nilichokuwa nimeshakishika maana kilikuwa kinarudi rudi, na maneno mengine nilikosea. Katikati ya wimbo nikasikia mkono wake umeingia mkononi mwangu upande ule wenye tepu. Yeye ndo kanishika. Akakaa hivyo mpaka nyimbo mbili mbele.

Na mwisho hatukutoka. Kule juu tulikuwa tunaona yote, wale vijana wawili wamesimama juu ya viganja vya watu wanapiga ngoma, karatasi zinashuka, na mimi huku siti za juu nina noti ya dola tano nimeikunja mkononi sijui hata nimeitoa saa ngapi kwenye pochi. Binti akaiona akaniuliza ya nini. Nikamsimulia kutuza, nikamsimulia babu yake na Mbaraka, tunatoka paking tunasubiri magari yapungue. Akaniomba nimpigie. Tukasikiliza gitaa la Morogoro ndani ya gari mpaka saa sita na nusu usiku, na kesho yake nilifika kazini nimechelewa dakika kumi.

Tepu bado iko kwenye sweta yangu, sijaibandua.

binti_wa_Mvita

Mamangu ❤️ albamu gani ya Mbaraka nianze nayo?